Ngumi Niliyoigeuzia Mgongo

Sehemu ya tisa

Kuna msomaji ameniandikia kwamba mimi ni mjinga wa kutupwa. Ndugu yangu, umechelewa. Mayasa aliniambia hivyo miezi mitatu kabla yako, na alikuwa na haki.

Kwa uliyenikuta njiani leo: naitwa Ameir, mzaliwa wa Wete, Pemba, fundi wa magari kwenye uchochoro mmoja hapa Berea, Johannesburg. Mwaka juzi tairi la lori lilinipasukia karibu na uso. Sikio la kulia lilikufa siku ileile, la kushoto likaanza kufa polepole. Fundi asiyesikia injini ni sawa na mpishi asiye na ulimi, kwa hiyo nikaficha.

Aliyenisitiri ni mke wangu, Mayasa wa Tanga. Alikuwa akiuza chai na maandazi palepale uchochoroni. Mteja akiwasha gari, mimi nainama kwenye injini na kukunja uso kama msikilizaji, kumbe jicho liko kwa Mayasa. Akinyanyua kidole kimoja, ni mlio mwepesi wa juu: tapeti za kichwani mwa injini zimelegea, kazi ya saa moja. Akikunja ngumi, ni mlio mzito wa chini: metali, beringi za ndani ya injini, zimelika, gari lisitoke hapa. Akifungua kiganja, maana yake hasikii kitu, kimya.

Tulikula kwa ishara hizo tatu. Sifa nikachukua mimi.

Wiki iliyopita niliwasimulia jinsi Thierry, fundi wa Kirundi anayefanya kazi ukuta wa pili, alivyonitania mbele ya watu: "Mzee Ameir, fundi hapa ni weye ama ni mama chai?" Nami nikajibu kwa sauti, ili wote wasikie: "Mwanamke atajua nini habari za injini?" Watu walicheka. Mayasa akaweka birika chini. Jioni tukagombana, na ulimi wangu, ambao haukupatwa na tairi, ukatoa talaka moja.

Akahamia kwa kaka yake Karimu, mtaa wa Mayfair. Alituma neno moja tu: "Sitaki khanga wala udi. Siku atakaposema mbele ya walewale waliocheka kwamba masikio yake yalikuwa mimi, nitarudi kwa miguu yangu."

Eda ilikuwa inaisha Jumamosi. Haya ninayowasimulia ni ya Alhamisi.

*

Asubuhi ile nilipiga pasi kanzu yangu nyeupe. Mpango ulikuwa huu: nimalize kazi ndogondogo, nioge, niswali Adhuhuri, niende Mayfair nikamrejee mke wangu. Msamaha nilikuwa nimeuandaa, tena mzuri. Ila niliuandaa kwa kuusema chumbani, sisi wawili, mlango umefungwa. Bado nilidhani nitapata mke na heshima kwa safari moja.

Saa tatu ikaingia pikapu nyeupe kuukuu, zile ambazo hapa Joburg kila mtu anaziita bakki. Nyuma imeshafungwa turubai, mizigo imejaa mpaka juu ya kichwa cha dereva.

Dereva alikuwa Lambert, Mkongo wa Lubumbashi. Mtu mwema, lakini ana masharubu mazito. Mimi husoma midomo ya watu, na mwenye masharubu kwangu ni kitabu kilichomwagikiwa chai.

Nikasogeza uso karibu.

"Fundi," akasema, "hii mutokari inagonga. Nikipanda mulima, inagonga sana. Leo tunaenda Lubumbashi, mimi na muke yangu Murielle. Angalia kama itafika."

"Itafika," nikasema, kabla hata sijafungua boneti.

Akasema na kitu kingine, kirefu, akiwa amenikazia macho kama anayesubiri jibu. Masharubu yakakimeza chote.

Ningeweza kumwambia, sikukusikia, ndugu, rudia. Maneno matatu. Badala yake nikaitikia kwa kichwa, kama kawaida yangu, na tabasamu juu yake.

Lambert alinitazama kwa mshangao kidogo. Kisha akainua mabega na kwenda kuwasha gari.

*

Nikachukua chuma changu kirefu. Fundi mzima huweka ncha moja kwenye injini na nyingine sikioni. Mimi, tangu Mayasa aondoke, nakiuma kwa meno. Wateja hudhani ni mtindo wa Kipemba.

Meno yanapata mtetemo. Hayapati mahali unapotoka.

Niligusa juu, kwenye kifuniko cha tapeti. Ikatetemeka. Nikagusa chini, kwenye sampo, bakuli la oili. Ikatetemeka. Jasho likanitoka.

Ng'ambo ya uchochoro, pale alipokuwa akikaa Mayasa, siku hizi anakaa Brigitte, msusi kutoka Bukavu. Alikuwa rafiki mkubwa wa mke wangu. Nilipoinua macho nikamwona ameacha kichwa cha mteja, ananitazama mimi. Akanyanyua mkono juu.

Akakunja ngumi.

Wasomaji wangu, hapa ndipo ninapotaka mnitukane vizuri. Ile ngumi niliiona. Niliijua ni ngumi ya nani na inasema nini. Lakini haikunijia kwamba ni msaada. Nilichowaza ni kwamba Mayasa ametoa siri yangu, kwamba sasa hata wasusi wanajua Ameir ni kiziwi na wananicheza shere. Damu ilinipanda.

Nikamgeuzia mgongo.

Lakini njia nyingine ya kupima ilikuwepo, haihitaji sikio la fundi. Unachomoa waya za plagi moja moja, injini ikiwa inawaka. Ukichomoa waya mmoja na kugonga kukapungua, basi umempata mgonjwa: ni metali ya silinda ile, kwa sababu umeipunguzia kazi. Tapeti haijali. Tapeti itaendelea kulia vilevile.

Nikachomoa wa kwanza. "Imebadilika?"

Lambert akatikisa kichwa. Hapana.

Wa pili. Hapana.

Wa tatu. Lambert akainua kidole, akasogea mbele yangu ili nimwone vizuri. "Hapa, fundi. Hapa imepunguka. Sikia, imepunguka kabisa."

Jibu lilikuwa hilo. Limeletwa mpaka mkononi, kwenye sahani, na kijiko chake. Metali ya tatu. Gari lishushwe mizigo, sampo ifunguliwe, safari iahirishwe siku tatu au nne.

Nikatazama jua. Nikaikumbuka kanzu yangu ukutani. Kufungua injini ile kulimaanisha Mayfair siendi leo, na kesho siendi, na Jumamosi eda imekwisha.

"Wewe ni dereva," nikamwambia. "Dereva atajua nini habari za injini? Hizi ni tapeti."

Nimeandika maneno yangu kama yalivyotoka. Sikuyasikia yanavyofanana na yale ya kwanza, na safari hii siwezi kusingizia masikio.

Nikarekebisha tapeti kwa saa moja. Halafu nikafanya jambo ambalo kila fundi analijua na hakuna anayelisema: nikamwaga oili nyembamba iliyokuwemo, nikatia ile nzito. Oili nzito humnyamazisha mgonjwa kama anayefunikwa blanketi. Ikishapata moto barabarani, inalainika, na mgonjwa anaanza kulia tena.

Lambert akawasha. Akasikiliza. Uso wake ukafunguka chini ya masharubu.

"Vraiment! Kweli imenyamaza. Fundi, Mungu akubariki."

"Amina," nikasema. Nikaenda kuoga.

*

Mayfair nilifika saa tisa alasiri, nanukia udi. Karimu alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Hakunikaribisha.

"Asalaam alaykum, shemeji."

Aliitikia, lakini kichwa chini. Nikamwona anazungumza na ndevu zake.

"Nimekuja kumrejea Mayasa," nikasema. "Nimekuja na maneno mazuri."

Karimu akainua uso, na sasa midomo yake ilisomeka vizuri sana. "Kaondoka."

"Kaenda sokoni?"

"Kaondoka, Ameir. Anakwenda Tanga. Saa sita wamempitia. Amekusubiri miezi mitatu, mtu mzima, na dirisha hili hapa analichungulia kila gari likisimama. Kisha leo unaulizwa, unaitikia kwa kichwa! Halafu unakuja na udi?"

"Nimeulizwa na nani?"

Karimu alishaingia ndani. Alisema na maneno mengine, kwa kunipa kisogo. Mlango ukafungwa, na hilo nililijua kwa sababu kizingiti kilitetemeka chini ya kiatu changu.

Nililia kwenye teksi. Sina haja ya kuwapambia. Mwanaume wa miaka hamsini na mbili, kanzu nyeupe, nalia, na abiria wenzangu wanatazama robot, taa za barabarani, kwa bidii ili wasinitazame mimi. Kwenye mfuko nilikuwa na pete yake aliyoniachia mezani siku ile ya talaka. Nilikuwa nimeisugua kwa majivu mpaka inang'aa.

*

Brigitte alikuwa anakusanya vitana vyake. Nilikwenda moja kwa moja mpaka alipo.

"Mayasa amekwenda na nani?"

Akanikalisha kwenye kiti cha plastiki, akajikalisha mbele yangu, akasema taratibu, mdomo wazi, kama Mayasa alivyomfundisha.

"Papa Ameir. Na Lambert."

"Lambert yupi?"

"Lambert wa asubuhi. Ile bakki."

Nikamwomba aeleze.

"Ni Mayasa njo alimutuma kwako. Alisema, hakuna fundi kama Ameir, mupeleke mutokari kwake kwanza. Na alimwambia Lambert akuulize: 'Fundi, tunabeba na mama wa chai, bibi yako, tumupeleke mpaka penye basi ya Tanga? Ukikataa, yeye atabaki.' Lambert alikuuliza mbele yangu. Weye ukafanya hivi." Akaitikia kwa kichwa. Akaweka hata tabasamu.

Yale maneno marefu. Yaliyomezwa na masharubu.

"Na ngumi?" nikauliza. Sijui kama nilitoa sauti.

"Alinifundisha juzi. Alisema, 'Pengine hatakuwa na mutu wa kumusikilizia. Mukalie pale pangu, umusaidie.' Mimi nikanyanyua ngumi. Weye ukanipa mugongo. Kisha mutokari ikanyamaza, nikasema basi, yeye fundi anajua, ametengeneza."

Mke niliyemwacha, akiwa anafunga mizigo ya kuniacha, alikumbuka kuniwekea sikio la akiba. Na mimi nililigeuzia mgongo, nikakifunika kifo kwa blanketi la oili, nikaitikia Amina dereva aliponiombea baraka.

Saa kumi na moja na robo simu ikatetemeka mkononi. Jina: Mayasa. Si maandishi. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, sekunde hamsini na mbili.

Mayasa hanitumii sauti. Tangu tairi lile, hajawahi kunitumia sauti hata mara moja. Anajua.

Niliiweka kwenye sikio la kushoto. Kitu kama upepo. Nikaiweka kwenye fupa la nyuma ya sikio, nikaiweka kwenye meno. Watu walikuwa wameanza kunitazama. Thierry alikuwepo na spana yake, na mafundi wengine wawili, na akina mama wa ukuta ule. Walewale waliocheka.

Kumpa Brigitte simu kimyakimya lilikuwa jambo jepesi. Nilikaribia kufanya hivyo. Kisha nikakumbuka lile neno moja ambalo Mayasa aliniomba katika ndoa ya miaka kumi na saba.

Nikasimama juu ya kiti cha plastiki.

"Sikilizeni," nikasema. "Mimi ni kiziwi. Sisikii injini, mwaka wa pili sasa. Kila gari mlilodhani nimelisikiliza, amelisikiliza Mayasa. Fundi alikuwa yeye. Mimi nilikuwa mikono tu."

Nilingoja kicheko.

Thierry akasogea, akafuta mikono, akanishika kiwiko nishuke.

"Eish, mzee," akasema usoni pangu. "Twalikuwa tunajua, sisi wote. Siku ile nilisema fundi ni mama chai, sikukucheka weye. Nalikuwa ninamusifu yeye. Nilingoja useme ndiyo."

Kumbe talaka niliitoa kwa sababu ya sifa.

*

Brigitte akachukua simu. Akaiweka sikioni, akafumba macho.

Mkono wake wa pili ukaanza kupiga paja, kwanza polepole. Du. Du. Du. Kisha kwa haraka, kisha polepole tena, kama mtu anayeachia mafuta na kukanyaga. Nikayatazama mapigo yale nikajua ni metali, kwa sababu tapeti hazipigi hivyo.

"Ni injini," akasema. "Anarekodi injini. Ngoja. Sasa anasema yeye."

Akarudia kila sentensi, mdomo wazi.

"'Ameir, Lambert kaniambia umeitikia niende. Sawa. Sitalia tena.'"

"Endelea."

"'Toka tupite Polokwane gari hili linagonga. Nimelisikiliza kilomita thelathini. Ni ngumi. Nimemwambia Lambert asimame, hataki. Anasema fundi kapima, fundi kasema tapeti, mwanamke atajua nini habari za injini.'"

Brigitte akanitazama. Aliijua sentensi ile. Uchochoro mzima uliijua.

"'Nijibu jambo moja tu. Nani alikusikilizia gari hili? Kama yupo aliyekusikilizia, mimi nitanyamaza, twende. Kama hakuna, mwambie huyu mtu kwa maandishi yako mwenyewe. Mimi haniamini. Wewe ndiye fundi.'"

Metali ya namna ile, gari limebeba tani, oili imelainika: konrodi, mkono wa pistoni, inaweza kukatika wakati wowote, itoboe injini, tairi za nyuma zijifunge ghafla barabarani. Mbele yao kuna milima na malori ya mpakani. Hayo nayajua bila kusikia.

Nikaandika, na nayaweka hapa kama yalivyo:

"Hakuna mtu. Mimi ni kiziwi. Mayasa ndiye fundi. Lambert, simama sasa hivi, zima injini, teremkeni wote. Mayasa, nimesema mbele yao. Nimekurejea. Brigitte na Thierry ni mashahidi."

Nikatuma.

Tiki moja.

Tukaitazama simu, sisi wote, vichwa vimegusana. Tiki moja. Thierry akaipeleka juu hewani kama anayetafuta mtandao kwa niaba yao. Tiki moja bado. Dakika sita.

"Mpigie Lambert," nikamwambia Brigitte. "Wewe una namba yake. Piga!"

Akapiga. Nikamwona anangoja, anangoja. Kisha mabega yake yakaruka: imepokelewa.

"Lambert? Lambert, simama! Ni Brigitte. Simama!"

Akasikiliza. Akaziba sikio la pili kwa kidole. Uso ulikuwa unabadilika na mimi siwezi kuusoma, kwa sababu midomo yake haikusogea.

"Nini?" nikapiga kelele. "Inagonga? Bado inagonga? Nionyeshe!"

Brigitte akanitazama, machozi yamemjaa. Akanyanyua mkono taratibu, vidole vimekusanyika bado. Nilingoja ngumi. Wallahi niliiomba ngumi, kwa sababu injini inayogonga ni injini iliyo hai, na aliyekaa nyuma yake yu hai.

Akafungua kiganja: hasikii kitu.